Kugawana, Kupeana na Ubia: Juu ya Istilahi za Vifungo vya Kikemia

Katika orodha fupi ya istilahi za kemia ambayo tuliwahi kuisambaza kwa wafasiri na walimu, dhana ya kifungo kinachotokea pale atomu mbili zinapokuwa na jozi moja ya elektroni kwa pamoja ilielezwa kwa maneno haya: "kifungo cha kugawana elektroni". Maneno hayo tuliyapitisha bila ubishi mkubwa. Yalikuwa mepesi kutamka, na kila aliyekuwapo mezani aliyafahamu mara moja. Lakini kila aliyekuwapo mezani alikuwa amejifunza kemia kwa Kiingereza, kwa hiyo akili zetu zilikwisha kujaza lile ambalo maneno yenyewe hayakulisema.

Baadaye mwalimu mmoja alituletea karatasi chache za majibu ya wanafunzi wake. Alikuwa amewataka wachore molekuli ya haidrojeni. Wengi wao walichora duara mbili zilizoachana, kila moja ikiwa na nukta yake ya elektroni; na mmoja wao, kwa uangalifu wa kusifika, alipiga mstari wima katikati ya duara hizo akaandika chini yake: "Zimekwisha kugawana."

Kwa upande wa Kiswahili mwanafunzi huyo hakukosea hata kidogo. Watu wakigawana urithi, kila mmoja huchukua fungu lake akaenda zake. Wakigawana nyama, hakuna tena nyama ya pamoja. Kitenzi hiki kinaeleza mwisho wa ushirika wala hakielezi mwanzo wake. Nacho ndicho tulichokiteua kutaja jambo ambalo uhai wake wote umo katika kutogawanyika. Kosa lilikuwa letu, wala si la mwanafunzi, na makala haya yanakusudia kulisahihisha. Lakini tulipolishika neno hilo moja tuliona kwamba limefuatana na mengine yenye ila kama yake, kwa hiyo tunaomba msomaji avumilie tuanze mbali kidogo.

Atomu ina kiini chenye protoni, ambazo chaji yake ni chanya, na kukizunguka kiini hicho zimo elektroni, ambazo chaji yake ni hasi. Atomu ikiwa kamili, idadi ya protoni na idadi ya elektroni ni sawa, na chaji hizo hufutana. Elektroni zimepangika katika matabaka. Tabaka la ndani kabisa huchukua elektroni 2, na yale yanayofuata, katika elementi nyepesi tutakazozitaja hapa, hutulia yakiwa na 8. Elementi ambazo tabaka lake la nje limetimia, kama vile heliamu na neoni, hazina hamu ya kuungana na chochote. Zilizobaki huungana, na kani inayozishika pamoja baada ya kuungana ndiyo tunayoiita kifungo.

Juu ya neno "kifungo" lenyewe hatutakaa sana. Wapo waliolipinga kwa kuwa huwakumbusha watu gereza, na wengine wakasema ni kishikizo cha shati. Tulilipima pamoja na "muungano", "kiungo" na "kano". "Muungano" unataja hali nzima, hautaji kile kinachounganisha. "Kiungo" kimekwisha kushikwa na mwili na jikoni. Nayo "kano" ni ya wanabiolojia. "Kifungo" kina faida ya kuwa na jamaa wengi: vitu hufungwa, hufunguka, hufungamana. Mwanafunzi atacheka siku ya kwanza, na siku ya pili atakuwa amekizoea.

Tuje sasa kwenye chumvi ya kawaida, hii inayoanikwa juani katika mashamba ya chumvi ya pwani na inayopatikana kutoka katika maji ya chemchemi za Uvinza. Chumvi ni kampaundi ya sodiamu na klorini. Sodiamu ina elektroni 11, zilizopangika 2, 8 na 1. Klorini ina 17, zilizopangika 2, 8 na 7. Ile elektroni moja ya nje ya sodiamu ikihamia kwenye klorini, pande zote mbili hubaki na tabaka la nje lenye 8. Sodiamu, iliyobakiwa na elektroni 10 mbele ya protoni 11, sasa ina chaji chanya moja. Klorini, yenye elektroni 18 mbele ya protoni 17, ina chaji hasi moja. Atomu au kundi la atomu lenye chaji namna hii huitwa ioni, neno ambalo Michael Faraday alilitia katika maandishi ya sayansi mwaka 1834, kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kwenda. Kwani aliona vitu hivyo vikisafiri katika kimiminiko kuelekea ncha za umeme. Neno hili tumelichukua kama lilivyo, kama lilivyochukuliwa na lugha nyingi za dunia, wala hatuoni sababu ya kulisumbua.

Sababu ya kusumbuka imo katika kitenzi kinachoambatana nalo. Katika miswada mingi inayotufikia husemwa kwamba sodiamu na klorini "hupeana elektroni", na kifungo kinachopatikana huitwa "kifungo cha kupeana". Kiambishi hicho cha -na- si pambo. Watu wakipeana mikono, kila mmoja ametoa na kila mmoja amepokea. Wakipeana zawadi, ni vivyo hivyo. Katika chumvi mmoja ametoa na mwingine amepokea, basi. Klorini haikurudisha kitu. Mfasiri mwingine, akitaka kuikwepa ila hiyo, aliandika kwamba klorini "huazima" elektroni. Nasi tulimwuliza kwa upole ni lini deni hilo litalipwa. Kitenzi kisichodai zaidi ya ukweli ni "kuhama": elektroni huhama kutoka sodiamu kwenda klorini. Pale ambapo mwandishi anataka mtendaji, na atumie "kutoa" kwa upande mmoja na "kupokea" kwa upande wa pili, bila ya kuviunganisha.

Hata hivyo, ila kubwa ya "kifungo cha kupeana" haimo katika sarufi. Imo katika kemia. Jina hilo humfanya msomaji aamini kwamba tendo la elektroni kuhama ndilo kifungo. Tutazame hesabu. Kuing'oa elektroni moja katika kila atomu ya sodiamu, kwa kiasi kile ambacho wanakemia hukiita moli moja, kunagharimu nishati ya kilojuli 496. Klorini inapozipokea elektroni hizo hutoa kilojuli 349 tu. Maana yake ni kwamba, kama mambo yangeishia hapo, biashara hiyo ingekuwa na hasara ya kilojuli 147, na chumvi isingefanyika. Tena hapa tumeanza hesabu na atomu zilizokwisha kutengana, bila kutia gharama ya kuzitenganisha. Faida inatoka mahali pengine kabisa: ioni hizo zenye chaji kinyume huvutana, na zinapokusanyika kutoka mbali zikajipanga kuwa kitu kigumu hutoa kilojuli 787 kwa moli. Huo mvutano ndio kifungo. Elektroni kuhama ni maandalizi yake tu, mfano wa posa, ambayo si ndoa.

Kwa hiyo tunashauri "kifungo cha ioni", na katika maelezo iandikwe kuwa ni mvutano wa ioni zenye chaji zinazopingana. Wale wanaopenda kuandika "kifungo ioni", bila kiunganishi, hatutawazuia. Ni mtindo uliokwisha kuenea katika istilahi, ingawa masikio yetu bado yanaupendelea ule wa kwanza.

Sasa ikiwa kifungo cha ioni ni mvutano wa chaji, basi hauna upande. Ioni ya sodiamu huvuta kila ioni ya klorini iliyo karibu, mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, na kila ioni ya klorini hufanya hivyo kwa sodiamu. Katika chembe ya chumvi kila ioni imezungukwa na jirani 6 za aina ya pili, zilizo umbali ule ule wa takriban nanomita 0.28, na mpangilio huo hujirudia mpaka kwenye kingo za chembe. Punje ya chumvi yenye uzito wa sehemu moja ya kumi ya miligramu ina ioni za sodiamu zinazokaribia 1,000,000,000,000,000,000, na idadi iyo hiyo ya ioni za klorini. Katika umati huo hakuna sodiamu fulani iliyofunga ndoa na klorini fulani. Kwa maneno mengine, katika chumvi hakuna molekuli ya chumvi.

Hapa tunawaomba wafasiri watulie, kwa sababu "molekuli ya chumvi" ni maneno yanayojitokeza katika karibu kila mswada, na aghalabu hayamo katika kitabu kinachofasiriwa. Mfasiri huona fomula NaCl, hukumbuka kwamba H₂O ni molekuli ya maji, akatoa hukumu kwa kufananisha. Lakini fomula hizi mbili, ingawa zimevaa nguo moja, zinasema mambo mawili tofauti. H₂O inahesabu: kitu kimoja kinachojitegemea, chenye atomu 2 za haidrojeni na 1 ya oksijeni. NaCl inataja uwiano: popote utakapochota, utapata ioni moja ya sodiamu kwa kila ioni moja ya klorini. Kwa ajili ya kampaundi za ioni tunapendekeza istilahi "kizio cha fomula" ishike mahali pa "molekuli". Ni maneno makavu, tunakiri. Lakini hayadanganyi.

Asije mtu akadhani kwamba kosa hili ni la wafasiri wa Kiswahili peke yao. William Lawrence Bragg alipoupima mpangilio wa chumvi kwa eksirei mwaka 1913, alikuta ioni zimejipanga kama miraba ya ubao wa dama, bila ya molekuli kuonekana popote. Miaka 14 baadaye, mwaka 1927, Henry Armstrong, mwanakemia wa Kiingereza mwenye sifa kubwa na umri wa karibu miaka 80, aliandika katika jarida la Nature barua yenye ghadhabu, akiionea huruma chumvi kwa mambo iliyozuliwa, na akisema kwamba jambo hilo linachukiza akili ya kawaida. Kwake yeye kampaundi bila molekuli ilikuwa kama sentensi bila kitenzi. Armstrong hakukosa elimu. Alikuwa amezoea neno, na neno lilikuwa limemfikiria mbele yake. Tunaitaja habari hii kwa kuwa baadhi ya wenzetu hudhani lugha yenye istilahi za kale imekwisha kusalimika na maradhi haya.

Turudi basi kwenye haidrojeni ya yule mwanafunzi. Atomu ya haidrojeni ina elektroni 1, na tabaka lake hutimia kwa 2. Atomu mbili za haidrojeni zikikutana, hakuna iliyo na nguvu ya kumnyang'anya mwenzake. Linalotokea ni kwamba elektroni zote mbili huwa mali ya viini vyote viwili kwa pamoja: hukaa zaidi katika nafasi iliyo kati ya viini hivyo, na kila kiini huzivuta. Kwa kuwa vyote viwili vinavuta kitu kimoja, vinashikana, na umbali kati yake ni nanomita 0.074. Kuviachanisha kunadai kilojuli 436 kwa moli. Gilbert Newton Lewis, Mmarekani, ndiye aliyeeleza mwaka 1916 kwamba kifungo cha namna hii ni jozi ya elektroni iliyo ya atomu mbili kwa pamoja; mwaka huo huo Walther Kossel wa Ujerumani alieleza habari ya kifungo cha ioni; na mwaka 1919 Irving Langmuir alikipa kifungo cha Lewis jina ambalo wenzetu wengine hulitohoa kuwa "kovalenti". Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya pamoja, na ya pili inatokana na neno la Kilatini la nguvu.

"Kovalenti" si neno baya. Linatamkika, na kwa mwanafunzi wa chuo kikuu linafungua mlango wa vitabu vingine. Lakini kwa mtoto wa sekondari ni kisanduku kilichofungwa: hakimwambii chochote, wala hakimpotezi. Tulitaka neno lisilompoteza na lenye kumwambia jambo. Waarabu, walipokabiliwa na dhana hii, walichukua neno la mzizi ule ule wanaoutumia kwa hisa za kampuni, na mfano huo ulitupa moyo wa kutazama upande wa biashara.

"Kushirikiana" kulikuwa kwa kwanza kufikiriwa. Ila yake ni kwamba ni kupana mno; kila kitu hushirikiana siku hizi, na "shirika" limekuwa jengo lenye kibao mlangoni. "Kuchangia", ambako kumeenea kwa vijana wanaochangia chumba, kunatatanisha, kwa kuwa maana yake ya msingi ni kutoa sehemu yako ili kutimiza jambo, na mara nyingi mchango hautakiwi tena na aliyeutoa. Mwisho tuliangukia neno ambalo lilikuwapo siku zote: ubia.

Tuseme watu wawili wamenunua ng'ombe kwa ubia. Wakimchinja, watagawana nyama, na ubia wao utakuwa umekwisha. Lakini tuseme wamenunua dau kwa ubia. Hawatalikata katikati ili kila mmoja achukue nusu, maana nusu ya dau ni kuni. Dau ni la huyu na ni la yule, lote zima, na maadam lipo, wawili hao wamefungana kwalo. Jozi ya elektroni ni dau. Hatukuona mfano ulio karibu zaidi na maelezo ya Lewis, nao hatukuutunga sisi. Umo katika maana ya neno lenyewe kama wanavyolitumia wavuvi na wachuuzi. Kwa hiyo: "kifungo cha ubia". Elektroni zinazohusika ni "jozi ya ubia", na kila moja ya atomu mbili ni "mbia". Zile jozi za tabaka la nje ambazo atomu haikuziingiza katika ubia, kama zile 2 za oksijeni katika maji, tunapendekeza ziitwe "jozi za pekee".

Tulilijaribu neno hili kwa dhana ngumu zaidi, kwani istilahi nzuri hujulikana kwa watoto wake. Katika maji, oksijeni na haidrojeni ni wabia, lakini oksijeni huivuta jozi zaidi kuliko mwenzake. Linus Pauling alitunga mwaka 1932 kipimo cha mvuto huo, ambacho kwa hesabu za leo huipa oksijeni 3.44 na haidrojeni 2.20. Matokeo yake ni kwamba upande wa oksijeni una uhasi kidogo na upande wa haidrojeni uchanya kidogo. Huu ni ubia usio sawa, na kila mtu aliyewahi kufanya biashara na mwenye mtaji mkubwa anaufahamu bila kufundishwa. Tunauita "ubia wa ncha", kwa kuwa huipa molekuli ncha mbili zenye chaji, lakini jina hili bado halijatulia vinywani mwetu, na atakayetuletea bora tutampokea.

Hali kadhalika upo ubia ambao jozi nzima imeletwa na mmoja. Amonia ina naitrojeni 1 na haidrojeni 3, na juu ya hizo ina jozi ya pekee. Ikija ioni ya haidrojeni, iliyokwisha kupoteza elektroni yake na haina chochote mkononi, naitrojeni huingiza jozi hiyo katika ubia, na ioni ya amoniamu hupatikana. Biashara ya namna hii, ambamo mmoja huweka mali na mwingine huja mikono mitupu, ni ya kale sana katika pwani ya bahari ya Hindi. Na tena, kama katika biashara njema, ubia ukishafungwa hakuna awezaye kutazama vile vifungo 4 vya amoniamu akatambua kipi ndicho mtaji wake ulitoka kwa mmoja: vyote ni sawa. Neno "kugawana" lisingeweza kutufikisha huku.

Hatuna budi kuonya juu ya tafsiri moja zaidi. Katika vitabu vya kufundishia husomwa kwamba kampaundi za ioni huyeyuka kwa joto kali na zile za ubia kwa joto dogo. Na ni kweli kwamba chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 za sentigredi, hali methani huwa gesi tangu nyuzi 162 chini ya sifuri. Waandishi wengine wameruka kutoka hapo hadi kusema kwamba "vifungo vya ubia ni dhaifu". Sivyo. Maji yanapochemka jikoni hakuna kifungo cha ubia kinachovunjika ndani ya molekuli. Zinazoachana ni molekuli zenyewe, ambazo zilikuwa zimeshikana kwa mvutano hafifu wa nje. Pale ambapo vifungo vya ubia vimesambaa kitu kizima bila kukoma, kama katika almasi ya Mwadui, joto la jikoni halifanyi kitu. Mwandishi na aseme wazi ni kipi kinachoachana na kipi.

Na kitenzi "kuyeyuka" nacho kina shughuli yake. Tunasema samli imeyeyuka juu ya moto, na tunasema chumvi imeyeyuka katika maji, kana kwamba ni jambo moja. Kwa mwanakemia ni mawili, na kwa mada yetu tofauti hiyo ni ya lazima. Tunapendekeza "kuyeyuka" kubakie kwa kazi ya joto, na kwa kazi ya maji kutumike "kumumunyuka", neno ambalo kila mtoto aliyewahi kuweka peremende kinywani analijua maana yake. Chumvi ikimumunyuka, ioni zake huachana, na kila moja huzungukwa na molekuli za maji. Sukari ikimumunyuka, molekuli zake huachana kila moja na mwenzake, lakini kila molekuli, yenye atomu 45, hubaki nzima. Ndiyo maana maji ya chumvi hupitisha umeme na maji ya sukari hayapitishi. Mwalimu mwenye betri, waya na taa ndogo anaweza kulionyesha jambo hilo darasani kwa dakika chache. Lakini aijaribu pia chumvi kavu: haitawasha taa, kwa kuwa ioni zimo lakini zimefungwa mahali pake haziwezi kwenda, na hapo neno la Faraday litapata maana.

Swali tunaloulizwa sana na walimu ni hili: je, kila kampaundi ni ya ioni ama ya ubia? Jibu letu ni kwamba wasilifundishe hivyo. Kuna kampaundi zenye vyote viwili, nazo zimo majumbani mwetu. Magadi yanayochotwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania, na ambayo mama zetu huyatia katika maharage yaive upesi, yana kabonati ya sodiamu kwa wingi. Ndani yake kuna ioni za sodiamu, zilizo peke yake. Na kuna ioni ya kabonati, ambayo ni kaboni 1 na oksijeni 3 zilizoshikana kwa vifungo vya ubia, zikiwa na chaji hasi mbili kwa pamoja. Wabia hao wanne huhesabiwa kama mtu mmoja mbele ya sodiamu. Magadi yakimumunyuka katika maji ya maharage, vifungo vya ioni hufunguka na vile vya ubia hubaki. Chokaa ya pwani hutuonyesha upande wa pili: matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu, yakichomwa katika tanuu hadi karibu nyuzi 900, ni ubia wenyewe unaovunjika, kaboni hutoka na oksijeni 2 ikiwa gesi, na oksijeni moja hubaki na kalsiamu kwa kifungo cha ioni. Tungependa kuona mifano hii vitabuni mahali pa ile ya maabara ambayo mwanafunzi hataiona kamwe.

Limebaki jina la mpangilio wa ioni katika fuwele. Tulikaribia kuafikiana juu ya "kimia", kwa mfano wa wavu wa mvuvi, mpaka mpigachapa wetu alipotukumbusha kwamba katika kitabu cha kemia neno hilo litasahihishwa na kila msahihishaji mwenye bidii. Kwa sasa tunatumia "kiunzi cha fuwele".

Wenye orodha yetu ya awali wanaombwa wafute "kifungo cha kugawana elektroni" na "kifungo cha kupeana", na mahali pake waandike "kifungo cha ubia" na "kifungo cha ioni". Pale palipoandikwa "molekuli" kwa chumvi, chokaa au magadi, iandikwe "kizio cha fomula". Mwalimu aliyetuletea karatasi zile ameombwa awape wanafunzi wake zoezi lile lile kwa maneno mapya, na atuletee michoro, mizuri na mibaya.